Upande wa Pili wa Kaseti

Msomaji mmoja wa Geita ameniandikia kuuliza kama sina aibu, kuanika mambo yangu gazetini kila wiki. Ndugu yangu, aibu nilikuwa nayo. Iliuzwa pamoja na kiwanda.

Kwa aliyenikuta njiani leo, mimi ni Jovitus Bagenda, Profesa Jovi kwa mashabiki, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa Viberiti Jazz, bendi ya kiwanda cha viberiti kule Nyakato. Mtindo wetu uliitwa Washa Njiti. Nimekwisha kusimulia jinsi kiwanda kilivyobinafsishwa, mwekezaji akaja na suti yake, akatuzima kwa pumzi moja. Nimesimulia jinsi mwimbaji wetu alivyokimbilia Dar es Salaam na spika mbili. Na mara ya mwisho mliniacha niko juu kabisa: wimbo wangu "Immaculata", niliomtungia mke wangu, unapigwa kuanzia Kirumba mpaka Igoma.

Niliomtungia. Lishikeni neno hilo.

Mwaka ule mji wetu ulipata redio ya kwanza ya mtu binafsi. Sisi tulikuwa tumezoea redio moja ya taifa, inayotoa taarifa ya habari, bei ya pamba na matangazo ya vifo. Ghafla wakaja vijana wanaocheka kwenye kipaza sauti tangu asubuhi, na hakuna aliyejua wanacheka nini.

Kipindi kilichotuua wanamuziki kiliitwa *Sikio la Msanii*. Kila Jumamosi saa kumi alasiri wasanii wawili waliingia studio, kila mmoja na kaseti anayoisikiliza siku hizo, ikapigwa, naye akaeleza kwa nini anaipenda.

Msione ni jambo dogo. Mtu akikuuliza unakula nini, unaweza kusema ugali na dagaa bila kupoteza kitu. Lakini msanii akiulizwa anasikiliza nini, hapo anaulizwa ana kichwa cha namna gani.

Basi tukadanganya, ukoo mzima. Mpiga tumba mmoja wa Kirumba, ambaye nyumbani kwake hakukuwa na hata redio, alisema halali bila violini za Ulaya. Mwingine akasema anasikiliza muziki wa Wahindi, wa zamani, ule mgumu. Kwa miezi mitatu sikumsikia hata mmoja akisema anamsikiliza jirani yake.

Zamu yangu ikafika. Na nani mwenzangu? Okeyo!

Okeyo alikuwa Mjaluo wa Shirati, mrefu kama nguzo ya simu, na bendi yake ilikuwa kinanda kimoja cha umeme. Ngoma zimo humo humo, besi humo humo, hata makofi ya watu humo humo. Mimi nilikuwa na watu tisa wa kugawana soda. Yeye alikunywa soda yake peke yake. Na alikuwa na wimbo wake unaoshindana na wangu, "Niwekee Maji". Alikuwa akisema aliuota akiwa na malaria.

Juu ya hayo, hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inatafuta mwanamuziki wa kila mwisho wa wiki. Meneja alitangaza kwamba atatusikiliza sisi wawili redioni, aone nani ni msomi, maana wageni wake ni watu wa maana.

Msomi! Mimi Mhaya unaniambia habari za usomi. Watu wa Kagera tunasingiziwa kwamba tunajisifu. Mimi nilikuwa nawasaidia wanaotusingizia.

Siku mbili kabla ya kipindi nilikaa sebuleni nikiwaza kaseti ya kupeleka. Mke wangu Immaculata, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anasahihisha madaftari.

"Baba Jovina," akasema, "si useme tu unachosikiliza kweli?"

"Kwani nasikiliza nini?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza wimbo mmoja tu miezi minane, nao ulikuwa wangu.

Kesho yake nikaenda kwa Mayala, kijana wa Kisukuma mwenye kibanda cha kurekodi kaseti pale Mabatini. Nikamwambia nataka kitu cha Marekani, chenye saksafoni, ambacho mtu wa kawaida hakielewi.

"Kinachochezeka?" Mayala akauliza.

"Hasha! Kikichezeka nimekwisha."

Akanitolea ganda lenye picha ya mtu mweusi aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Jina la mtu huyo lilikuwa na herufi nyingi kuliko ukoo wangu. Nikalipenda papo hapo.

"Ila kaseti tupu zimeniishia, Profesa. Lete ya kwako nikurekodie."

Hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Nilikuwa na kaseti moja nyumbani, nimeificha chini ya godoro, ambayo kwa miezi minane nilikuwa nikitafuta namna ya kuifuta. Nikasema, nitawaua ndege wawili kwa jiwe moja.

Sasa sikilizeni ungamo.

Miezi minane nyuma tulikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kupiga kwenye harusi. Asubuhi yake, nikiwa natembea ufukweni kusubiri meli, nikamsikia mwanamke anaimba. Alikuwa ameinama anachambua dagaa juu ya mawe, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga kiunoni, na sauti yake ilikuwa haina haraka. Alikuwa anaimba hivi:

*Teodora, usihesabu siku,*
*ziache zipite kama dagaa kwenye wavu mkubwa.*

"Wewe unaitwa nani, dada?" nikamwuliza.

"Teodora."

Nikacheka moyoni. Nikasema, huyu naye, anajiimbia jina lake mwenyewe kama tausi! Lakini mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta redio kaseti ya bwana harusi.

Nikamrekodi. Nikarudi Mwanza, nikatoa Teodora, nikaweka Immaculata. Silabi zilizidi, nikazivuta. Kisha nikatoa dagaa nikaweka nyota, kwa sababu nyota hazinuki. Ikawa *ziache zipite kama nyota kwenye wavu mkubwa*. Shabiki mmoja akaniuliza nyota zinaingiaje kwenye wavu. Nikamwambia hiyo ni falsafa.

Nikauimba kwa mara ya kwanza kwenye sherehe yetu ya miaka kumi ya ndoa, baada ya misa, mbele ya padri. Immaculata alilia. Mimi pia nikalia kidogo, maana wimbo ulikuwa mzuri sana na nilikuwa nimeanza kuamini ni wangu.

Basi nikampa Mayala ile kaseti ya Nansio. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduka. Upande mmoja ulikuwa na mazoezi ya bendi, mwingine ulikuwa na Teodora.

"Nirekodi upande gani?"

"Huu," nikasema, kwa uhakika wa mtu msomi.

"Na wa pili?"

"Achana nao. Nani atageuza?"

*

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Mtangazaji aliitwa Princess Akinyi. Alikuwa binti wa upande wa Musoma, aliyekwenda Dar wiki mbili kwa mafunzo akarudi anaongea kama aliyezaliwa Kinondoni. Alitukalisha mimi na Okeyo bega kwa bega, kipaza sauti kimoja.

Okeyo alianza. Alileta piano ya Wazungu wa kale.

"Unasikia mkono wa kushoto?" akasema. "Unauliza swali. Mkono wa kulia unakataa kujibu."

"Dah!" akasema Princess. "Profesa Jovi, unaonaje?"

"Si mbaya kwa anayeanza," nikasema. "Na mimi nilipitia huko."

Kisha ikapigwa yangu. Saksafoni ikalia kama ndama aliyebanwa mlangoni. Kusema kweli sikujua kama inaanza au inamalizika. Nikafumba macho.

"Sikieni pumzi hiyo," nikasema. "Hiyo ni pumzi ya mtu aliyesoma."

"Unaisikiliza mara ngapi?"

"Kila siku, kabla ya chai."

Nilimwona Okeyo anauma mdomo kwa wivu. Hoteli nikaiona hiyo hapo mbele yangu.

"Na upande wa pili una nini?" Princess akauliza.

"Ah, ni hayo hayo."

"Basi tuonje kidogo, wapenzi wasikilizaji. Mtu hawezi kusikiliza upande mmoja tu kila siku."

Akageuza kaseti, akabonyeza.

Kwanza ulisikika upepo. Akalia kuku. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, laini kama samli, na ilikuwa sauti yangu.

"Imba tena, Teodora. Polepole. Usiogope mashine, haing'ati."

Na Teodora akaimba. Aliimba ubeti wa kwanza wote, pamoja na dagaa zake.

Nikanyoosha mkono kwenye kile kitufe. Princess akanipiga kofi la vidole kama mama anayemfukuza mtoto kwenye sufuria. Huko ng'ambo ya kioo fundi mitambo alikuwa ameshika tumbo.

"Jina langu litatajwa?" sauti ya Teodora ikauliza kwenye kaseti.

"Kabla ya langu," nikajibu mimi yule wa Nansio.

"Na kaseti yangu utaniletea? Maana ndiyo ninayoitaka."

"Kwa meli ya kwanza, dada yangu. Nakuapia."

"Na mkeo, naye anaimba?"

Msomaji, yako maneno ambayo mtu huyatamka kwa kuwa yuko kisiwani, kuna upepo, na mwanamke aliye mbele yake anacheka vizuri.

"Mke wangu?" nikasema. "Yule akiimba jikoni, maziwa yanaganda."

Okeyo alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Alipiga meza. Alitoa leso. "Yanaganda!" alisema. "Profesa, yanaganda!" Machozi yalimtoka, na kipaza sauti kikachukua yote.

Kaseti ikaendelea. Nilisikika nikisema naenda kujisaidia, hatua zangu zikaishia mbali. Hapo ndipo nilipokuwa naizima siku zote. Miezi minane nimeirudisha nyuma kaseti ile kwa kalamu, mara mia, na sikuwahi kuisikiliza kupita pale. Nilichokitaka nilikuwa nimekwisha kukipata.

Teodora alibaki peke yake na mashine inazunguka.

"Haya, na huu je?" akasema, kama anayeongea na mashine. "Huu hapana. Huu alishauchukua yule mrefu wa kinanda."

Na akaimba:

*Niwekee maji ya kuoga, mama watoto,*
*nakuja na vumbi la watu.*

Kicheko cha Okeyo kilikatika kama umeme wa Mwanza.

"Okeyo," Princess akasema taratibu, "huu si ule uliouota?"

Okeyo alisimama, urefu wake wote, akachomoa waya ukutani. Ulikuwa waya wa feni. Akachomoa mwingine. Huo ulikuwa wenyewe, na mji mzima ukasikia kimya kwa nusu dakika.

Waliporudi hewani simu zilikuwa zinaungua. Wa kwanza alikuwa mzee wa Nyakato.

"Shikamoo babu," akasema Princess.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Zile nyota kwenye wavu, kumbe zilikuwa dagaa?"

"Zilikuwa dagaa, babu."

"Nilijua! Miezi sita namwambia mke wangu ule wimbo una kasoro!"

Wa pili alikuwa meneja wa hoteli. Alisema kwa adabu kubwa kwamba amefikiri vizuri, na mwisho wa wiki ataweka dishi la satelaiti watu waangalie mpira.

Princess akafunga kipindi. "Wapenzi wasikilizaji, leo tumejua wasanii wetu wanasikiliza nini. Wanamsikiliza Teodora. Dada Teodora wa Nansio, popote ulipo, Jumamosi ijayo kiti ni chako. Njoo utuambie wewe unasikiliza nini."

*

Mabatini ni mtaa wa kelele. Siku hiyo nilipita katikati ya kimya. Watu walikuwa wamekaa nje ya maduka, redio mapajani, wakaniamkia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata maishani.

"Habari za kazi, Profesa?"

"Nzuri."

"Na maziwa?"

Nyumbani Immaculata alikuwa mezani na madaftari yake, kalamu nyekundu mkononi. Redio ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa. Mbele ya kiti changu kulikuwa na bilauri ya maziwa, imejaa mpaka juu.

Hakunitazama. "Kunywa upesi, baba Jovina," akasema. "Kabla sijafungua mdomo."

Nikanywa. Wapo wanaume jasiri. Mimi nilikunywa.

Alisahihisha daftari zima. Akalifunga, akachukua jingine.

"Mama Jovina," nikasema, "ile ilikuwa mizaha ya safari tu..."

"Sauti yangu naijua," akasema. "Mungu alinipa ya kufundishia, hakunipa ya kuimbia. Hilo halinisumbui." Akaweka kalamu chini. "Kanisani wananiita Mama Wimbo. Nimeitikia miezi yote hii. Harusi ngapi nimesimamishwa katikati ya watu wakaniimbia! Nililia mbele ya padri, Jovitus. Yale machozi nikayadai kwa nani?"

Aliniita Jovitus. Miaka kumi hakuwa ameniita jina langu.

Nilitazama mikono yake, ina wino mwekundu kwenye kidole, nikaona kwamba ningeweza kumtungia wimbo wa kidole kile, mistari miwili tu ya kwangu mwenyewe, hata ingekuwa mibaya. Sikuwahi kujaribu.

"Kesho meli ya Nansio inaingia saa saba," akasema. "Kama dada yule anakuja, utampokea. Kama haji, utapanda uende. Utamwomba radhi. Na uombe kwa sauti ile ile uliyomwambia mashine haing'ati."

*

Jumapili nilifika bandarini na doti la kitenge chini ya kwapa. Nikamkuta Okeyo amesimama kwenye foleni ya wapokeaji na kilo tano za sukari.

"Umefuata nini, Mhaya?"

"Nimekuja kumpokea mgeni. Na wewe?"

"Mgeni huyo huyo."

Tukasimama. Hatukuwa na ugomvi tena, ila kila mmoja aliangalia zawadi ya mwenzake akaipima.

"Ulimpataje?" nikamwuliza.

"Nilikwenda kuzika Ukerewe. Nikasikia mtu anaimba nyuma ya nyumba." Akakuna shingo. "Nilimwambia usiogope kinanda, hakina meno."

"Na wewe ulimwahidi kaseti?"

"Nilimwahidi kaseti mbili."

Meli ikafunga. Wakashuka watu wa machungwa, wa viazi, wa kuku. Teodora alishuka katikati yao na kikapu na gauni safi la bluu, kichwa amekifunga vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe. Alituona. Hakushtuka wala hakukasirika.

"Kaka wa mashine," akasema. "Na wewe wa kinanda. Hamjambo?"

"Dada Teodora," nikaanza, nikapiga goti moja kwenye maganda ya machungwa. "Nimekuja kukuomba radhi. Wimbo wako..."

"Umeniletea kaseti?"

Nikamnyooshea kitenge. Okeyo akamnyooshea sukari.

"Sikuomba kitenge," akasema Teodora. "Niliomba kaseti. Kila siku nilikuwa nikienda kuangalia meli. Nikasema, yule kaka ana kazi nyingi, atakuja."

"Utapata kaseti, na jina lako litatajwa! Redio wanakuita. Watu wote sasa wanajua kwamba nyimbo zile ni zako."

Teodora akatutazama kwa zamu, mimi, halafu Okeyo, halafu mimi tena.

"Kwani nani aliwaambia ni zangu?"

Okeyo akashusha sukari chini.

"Ni za mume wangu, Mafuru," akasema. "Alifungwa miaka mitatu, gereza la Butimba. Nilikuwa nakwenda kumwona mara moja kwa mwezi. Pale hamkai sana. Akawa ananifundisha mstari mmoja kila nikienda, ananiimbia, namwimbia, askari anasema basi. Wa Teodora ulichukua miezi minane. Ule wa maji ulitangulia, mwaka wa kwanza."

Aliyasema kama anavyoeleza mtu bei ya dagaa, bila kutafuta huruma.

"Nilikuwa naimba kila siku nisije nikasahau," akasema. "Mstari ukinitoka, naupata wapi? Ndiyo maana nilifurahi ulipokuja na mashine. Nikasema sasa hata nikifa, zipo. Ilibaki kaseti tu uniletee."

Nikabaki na goti langu chini. Miezi minane, mstari kwa mstari. Mimi niliwaambia watu kwamba niliutunga kwa dakika ishirini, na nikashangiliwa kwa wepesi wangu.

Na nilikuwa nimemcheka kwamba anajiimbia jina lake.

Ni Okeyo aliyeuliza, kwa sauti ndogo kwa mtu wa urefu ule. "Dada, shemeji alifungwa kwa kosa gani?"

"Alimvunja mtu mikono. Alimkuta na wavu wake."

"Mikono miwili?"

"Wavu wenyewe ulikuwa umechakaa," akasema Teodora kwa masikitiko. "Nilimwambia wala hauna thamani. Akaniambia, si thamani, Teodora. Ni kwamba niliusuka mwenyewe."

Okeyo akaokota sukari yake polepole.

"Anatoka lini?" nikauliza.

Hapo Teodora akatabasamu kwa mara ya kwanza, akarekebisha kitambaa kichwani, nikaelewa gauni lile.

"Ametoka jana asubuhi. Amelala Igogo kwa ndugu yake. Tulipatana anipokee hapa meli ikiingia." Akatazama huku na huku, juu ya vichwa vya watu. Tabasamu likapungua. "Sasa mbona simwoni?"

"Huko Igogo," nikasema, "huyo ndugu yake ana redio?"

"Ana redio kubwa. Fundi redio."

Nikahesabu. Jana saa kumi alasiri. Mke wake anacheka kwenye kaseti, na mwanamume mwenye sauti ya samli anamwambia imba tena polepole. Nyimbo mbili alizozisuka mwenyewe. Majina mawili yametajwa hewani, langu na la Okeyo.

Nikageuka nimwulize Okeyo tufanye nini. Okeyo hakuwepo. Nilikiona kichwa chake tu, kinapita juu ya watu kuelekea lango, kikiwa na mwendo wa mtu ambaye hana anwani ya kudumu.

"Wewe unakaa wapi, kaka?" Teodora akauliza.

"Mabatini."

"Watu wanapafahamu?"

Wanapafahamu! Nani asiyepafahamu kwa Profesa Jovi? Nilikuwa nimehakikisha mwaka mzima kwamba hata mbuzi wa Mabatini wanaweza kumwelekeza mgeni.

"Na nyumbani umemwacha nani?"

Nilimwachia kitenge mikononi nikakimbia. Mtu wa miaka arobaini na sita, kiongozi wa bendi, na viatu vya ngozi, nilikimbia Jumapili mchana mbele ya watu wanaotoka kanisani. Nikamsikia Teodora nyuma yangu akiita, "Kaka! Usimjibu! Akikuuliza kitu, usimjibu haraka!"

Nilipofika kwenye kona ya nyumba yangu, majirani walikuwa wamesimama nje. Safari hii hakuna aliyeniuliza habari ya maziwa. Walinipisha njia.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Kizingitini kulikuwa na makatambuga, viatu vya tairi la gari, vikubwa hivi kwamba nilidhani kila kimoja ni viwili. Pembeni yake viatu vya mke wangu vya misa, vidogo, vimepangwa vizuri.

Ndani kulikuwa na mtu anapiga gitaa langu kavu, lile lisilo la umeme.

Alikuwa anapiga ule wimbo wa Teodora. Ila mahali nilipokuwa nimejaza madoido, yeye alipaacha patupu. Mahali nilipokuwa nakimbia, yeye alisubiri. Nilisimama pale mlangoni, jasho linanitiririka, na kwa mara ya kwanza tangu nishike gitaa, nilisikiliza wimbo wa mtu mwingine bila kutafuta cha kuchukua. Nikasahau kwa nini nilikuwa nakimbia.

Gitaa likanyamaza.

"Ni yeye," nikamsikia Immaculata akisema, kwa sauti ya utulivu anayoitumia darasani. "Nilikuambia atakuja."

Kiti kikasogezwa. Mke wangu ni mwepesi, hutamsikia akitembea. Hatua zilizokuja mlangoni zilikuwa nzito, na zilikuwa zinakuja polepole.